Vidole vya Nayda

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, Nayda Ccallo aliamshwa na sauti ya baba yake, na kila asubuhi aliamka amenuna.

"Nayda, amka. Ndama hawatakusubiri."

"Nimeamka."

"Umeamka mdomo tu. Miguu je?"

Nayda alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akajitupia shali, akatia miguu kwenye buti za mpira zilizolala kwenye baridi usiku kucha. Mama yake, Hermelinda, alimpa bakuli la supu ya viazi vikavu. Aliinywa amesimama, bila kushukuru. Kisha akachukua vitu vyake vitatu rafuni: chupa ya plastiki yenye dawa ya iodini, kikombe kidogo cha bati na kibunda cha uzi mwekundu. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa kazi yake msimu wote wa mvua.

Alpaka, wanyama wa sufu wa milimani walio jamaa ya ngamia, huzaa asubuhi, ili ndama apate kukauka kabla baridi ya jioni haijashuka. Akizaliwa tu, kitovu chake ni mlango ulio wazi, na uchafu wowote wa zizini unaweza kuingia. Kazi ya Nayda ilikuwa kumkamata ndama, kumtia kitovu ndani ya kikombe cha iodini, na kuhesabu mpaka thelathini bila kuruka namba. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Baada ya mara tatu alimfunga uzi mwekundu shingoni. Aliyeuona uzi ule alijua kwamba ndama huyo ameshatiwa dawa na mlango umefungwa.

Iodini ilimpaka vidole rangi ya kahawia isiyotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Nayda aliichukia rangi ile. Kusema kweli, siku zile alichukia karibu kila kitu.

Mwaka uliotangulia walikuwa wakiishi bondeni, katika mji wa Sicuani. Baba yake, Nicanor, alikuwa fundi wa kufyatua na kuchoma vigae. Moshi wa tanuri ulimharibu kifua hata akawa anapanda ngazi tatu anakaa chini kukohoa. Siku moja alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya soko, "Nikifanya mwaka mmoja zaidi tanurini, mtanizika." Hapo ndipo walipoamua kupanda juu Pukakancha kufuga alpaka, watu ambao maishani mwao hawajawahi kufuga hata kuku wa kueleweka.

Aliyewapokea ni Mama Basilia Huillca, mfugaji wa miaka mingi. Nayda alipokuwa na umri wa miaka miwili, Mama Basilia ndiye aliyemkata nywele za kwanza, na kwa watu wa kule hilo si jambo dogo. Anayekukata nywele za kwanza ni mzazi wako wa pili. Basi aliwapa majike kumi yenye mimba, wafuge kwa nusu. Ndama wakizaliwa, nusu yao ni wake na nusu ni wa akina Ccallo. Majike yenyewe yalibaki mali yake. Mambo yakiharibika, angekuja kuyachukua yote, na Nicanor angerudi tanurini. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, ingawa hakuna aliyelizungumza.

Nayda naye alilijua. Lakini ilikuwa likizo ya shule, na bondeni wenzake walikuwa wakicheza voliboli kila siku kwenye uwanja wa manispaa. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha mpira. Sasa mahali pake alisimama msichana mwingine, na yeye yuko mlimani anashika vitovu.

Tena lilikuwepo zizi. Nicanor, kwa kuwa ni fundi, alijenga zizi la fundi: ukuta wa matofali ya udongo ulionyooka kwa kamba, na juu yake safu ya vigae kuuzuia usiloe. Mama Basilia alipokuja kulitazama alilizunguka mara moja tu.

"Zuri," alisema. "Utalihamishaje?"

"Kulihamisha, dada? Zizi hili litakaa miaka thelathini."

"Ndiyo maana nakuuliza. Hapa juu zizi ni la vigingi na wavu. Mvua ikinyesha unahamia pakavu, na baada ya siku chache unahama tena. Ndama hawezi kulala miezi mitatu juu ya kinyesi cha mama yake."

Nicanor alicheka. "Dada Basilia, wewe unajua alpaka. Kuta niachie mimi."

Mvua ikaja. Ndani ya wiki mbili zizi la fundi likawa bwawa la tope na mavi, na kuta zile nzuri zikalizuia tope lisitoke. Ukiingia mguu ulizama mpaka nusu ya buti. Nicanor aliangalia, akasema jua likitoka patakauka. Jua halikutoka.

Ndama wawili wa kwanza Nayda aliwahudumia vizuri, amenuna lakini vizuri. Akahesabu thelathini zake, akawafunga uzi, wakawa wanarukaruka. Kisha ikaja asubuhi ya siku ya tisa tangu ndama wa kwanza azaliwe.

Usiku ule ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Jike moja jeusi lilikuwa limezaa ndama mweupe pembeni ya ukuta. Nayda alichutama kwenye tope, akamkamata ndama, akafungua chupa. Jike likainua shingo, likarudisha masikio nyuma, na kabla Nayda hajageuka likamtemea. Si mate ya kawaida hayo. Ni majani yaliyokwisha kukaa tumboni, ya kijani, yananuka kama debe la taka lililosahauliwa. Yalimwingia machoni, puani na mdomoni.

Nayda aliinuka akipiga kelele za hasira. Alimtukana jike, akamtukana baba yake aliyemleta huku, akaitukana na mvua. Kisha akaitupa chupa ukutani kwa nguvu zake zote, nguvu zilezile za kuanzishia mpira. Chupa haikupasuka, ilikuwa ya plastiki, lakini kifuniko hakikuwepo. Ilipoanguka ilijilaza kwenye tope na kumwaga iodini yote, tone kwa tone, huku yeye amesimama anaitazama na mikono kiunoni. Alipopata akili ya kuiokota ilikuwa tupu.

Hasira hasara, wahenga walisema, na wala hawakumjua Nayda.

Angeweza kwenda nyumbani akasema, "Baba, nimemwaga dawa." Angeweza pia kukata bonde dogo na kufika kwa Mama Basilia kwa mwendo wa nusu saa. Alifikiria makaripio ya baba yake. Akafikiria ulimi wa Mama Basilia, ambao ulijulikana mlima mzima. Kisha akaenda jikoni mama yake akiwa mtoni, akamimina kwenye chupa chai iliyobaki kwenye birika, chai nyeusi iliyokolea, iliyopoa. Ukiitazama kwa mbali huwezi kuitofautisha na iodini.

Alisema moyoni kwamba ni kwa siku hiyo tu, mpaka lori la Jumamosi litakapopanda kutoka bondeni na bidhaa za dukani. Jumamosi ilikuja ikapita, maana dawa ilihitaji pesa ya baba, na kuomba pesa ni kukiri. Kila asubuhi Nayda aliingia zizini, akatia vitovu ndani ya chai, akahesabu thelathini, kwa sababu baba yake alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni. Baada ya siku tatu alifunga uzi mwekundu. Ndama wanne waliozaliwa wiki ile walipata chai na uzi, basi.

Mtu wa kwanza kushuku alikuwa Yudit, mjukuu wa Mama Basilia, msichana wa miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Nayda kazi ile, na hakuacha kumkumbusha. Walikutana kisimani.

"Mtoto wa vigae, habari za kasri?" Yudit alimtania. "Bado hamjaanza kufuga vyura humo ndani?"

"Nenda zako."

"Nitakwenda nikijaza maji. Lete ndoo nikusaidie." Yudit akaushika mkono wa Nayda, kisha akautazama kwa muda. "Mbona vidole vyako safi?"

"Nimenawa."

"Iodini haitoki kwa kunawa. Mimi vyangu vina rangi tangu Desemba, tazama."

"Mimi nanawa vizuri kuliko wewe," Nayda akajibu, akampokonya ndoo kwa nguvu hata maji yakamwagikia buti. "Na usiniite mtoto wa vigae."

Yudit alimtazama tu akipanda kilima, ndoo ikimgonga mguuni.

Ndama wa kwanza alikufa kesho yake. Alikataa kunyonya, akalala kifudifudi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekauka kama mti. Siku mbili baadaye akafa wa pili, na siku iliyofuata wa tatu. Wote walikuwa na uzi mwekundu shingoni. Nicanor aliwabeba mmoja mmoja mgongoni mpaka gengeni, akawaacha huko kwa ndege wakubwa wa milimani. Aliporudi mara ya tatu, alikaa kwenye gogo akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nayda hakujua kama yalikuwa machozi ya kikohozi peke yake.

Akabaki wa nne, yule ndama mweupe wa siku ya kutemewa. Nayda alikuwa amempa jina Puyu, maana yake wingu, ingawa alikuwa ameapa hatampa mnyama yeyote jina. Jioni ile Puyu alichechemea. Goti moja lilikuwa limevimba.

"Nimeelewa sasa," Nicanor alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile sauti mbaya. "Tumepewa majike mabovu. Yule mama aliona hawa wana ugonjwa, akasema nani mjinga wa kumtwika? Fundi vigae kutoka bondeni."

"Nicanor, usiseme usichokijua," mkewe akamwambia.

"Ninachokijua ni kwamba kazi imefanyika. Vitovu vimetiwa dawa, nimeona kwa macho yangu. Uzi huu hapa. Sasa niambie, wamekufa kwa nini?"

Nayda alikuwa na jibu, likiwa limemganda mdomoni. Asubuhi yake Nicanor alimsimamisha Yudit aliyekuwa akipita na kundi lao, akamwambia, "Mwambie bibi yako aje aone alichonipa."

Mama Basilia hakuchelewa. Alikuja kwa miguu, kofia yake nyeusi imelowa, fimbo mkononi, mfuko wa dawa begani. Yudit alifuata nyuma amebeba kamba kumi. Nayda alizihesabu kamba zile. Zilikuwa kamba za kuondokea na wanyama.

"Nimesikia nimekupa majike mabovu," Mama Basilia alisema hata kabla ya salamu.

"Ndama watatu kwa siku nne, dada. Wa nne yule pale anachechemea."

"Na ukaona njia ya kuniambia ni kumtuma mtoto."

"Ningekuja mwenyewe ningesema mabaya zaidi."

"Yaseme. Nimeshafika."

"Ulijua yana ugonjwa ukanyamaza. Haya, nimeyasema."

Mama Basilia alisimama, mvua ikimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Kisha akainua mikono yake miwili. "Nicanor, mikono hii ilimkata mwanao nywele za kwanza. Unaniita mwizi mbele yake?"

"Sikusema mwizi."

"Umesema. Umezunguka tu." Akaingia zizini bila kuangalia tope, akamkamata Puyu, akamgeuza tumbo juu. Alibonyeza goti, akabonyeza tumbo, akatazama kitovu. "Kwa nje kimekauka. Kilitiwa iodini?"

"Kilitiwa," Nicanor akajibu. "Siku tatu. Wote walitiwa."

"Nakuuliza kwa sababu moja. Kama kilitiwa dawa, basi uchafu haukupita hapa. Ugonjwa utakuwa kwenye maziwa ya mama zao, na kundi lote limeshaharibika. Nitawachukua wote kumi leo hii niwatenge kabla hawajaniambukizia wengine. Na huyu mdogo hatuna la kumfanyia. Kama hakikutiwa dawa, hiyo ni habari nyingine."

"Kilitiwa, dada. Sirudii tena."

"Haya. Yudit, lete kamba."

Sasa msomaji, sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye jambo. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ndama watatu walikuwa wameshaliwa na ndege. Iodini imemezwa na tope. Nayda angenyamaza tu, majike yangeondoka, na wao wangeshuka bondeni kwa lori la Jumamosi. Angerudi kwenye uwanja wa voliboli. Kila kitu alichokuwa akikililia kilikuwa kinamjia chenyewe, na gharama yake ilikuwa kufunga mdomo.

Yudit alifungua kamba ya kwanza. Alimtazama Nayda usoni, kisha akatazama vidole vyake. Nicanor akaanza kukohoa. Alikohoa ameinama, mkono mmoja umeshika ule ukuta wake mzuri, na hakikuwa kikohozi cha kuisha upesi.

"Ni chai," Nayda alisema.

"Nini?" Mama Basilia akageuka.

"Kwenye chupa. Iodini nilimwaga. Jike lilinitemea, nikatupa chupa. Nikatia chai." Akayaonyesha majike kwa kidole. "Majike hayana ugonjwa. Wale wawili wa kwanza walipata dawa ya kweli, ndiyo maana wazima. Hawa wanne walipata chai."

Mama Basilia alinyoosha mkono. Nayda akampa chupa. Mama mzee alijimiminia kidogo kiganjani, akanusa, kisha akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Haina hata sukari," akasema.

Nicanor alikuwa ameinua mkono wake. Nayda alijikunja kungoja kofi.

"Shusha," Mama Basilia alisema. "Mnyama kwanza. Nayda, mshike huyu ndama. Mshike kama mtu, si kama gunia. Hermelinda, maji ya moto."

Akatoa kwenye mfuko sindano na kichupa cha dawa, akamchoma Puyu pajani. Akafungua kitovu kwa kitambaa na maji ya moto, na usaha ukatoka, wa njano, unanuka. Kilikuwa kimekauka nje, kimeoza ndani. Kisha akatoa chupa yake mwenyewe ya iodini.

"Hesabu," alimwambia Nayda. "Kwa sauti, nikusikie."

Nayda alihesabu mpaka thelathini huku akilia, na kamasi zikimtoka. Jike jeusi lilikuja likasimama nyuma yake, likarudisha masikio. Halikutema. Hata lingetema, siku ile asingesogea.

Ndama alipowekwa chini kwenye gunia kavu, Mama Basilia aliinuka taratibu akimshika Yudit bega. Hapo ndipo hasira yake ilipotoka yote.

"Wewe," alimwambia Nayda. "Unadhani nimekasirikia chupa? Chupa humwagika. Mimi nimemwaga ngapi maishani? Ungekuja kwangu siku ileile. Mwendo ni nusu saa. Ningekutukana dakika kumi, najijua, halafu ningekupa chupa nyingine, na ndama wote wanne wangekuwa wanaruka sasa hivi. Umekimbia matusi ya dakika kumi, ukalipa roho tatu. Na juu ya hayo ukawafunga uzi. Uzi ule ni neno letu. Mimi nikiona uzi kwenye kundi la mtu nisiyemjua, naamini. Umeufanya uzi useme uongo."

"Nisamehe, Mama Basilia."

"Sijafika huko. Na wewe, Nicanor, usijifiche nyuma ya kosa la mtoto. Chai haikuleta huu uchafu. Nani aliujengea ukuta? Nilikwambia wavu na vigingi, ukanicheka. Umeona ndama wanakufa kwenye tope, badala ya kutazama miguuni kwako ukatazama nyumbani kwangu."

Nicanor alitazama miguuni kwake. Uso ulikuwa umemshuka. "Kweli, dada," akasema. "Nilikuita mwizi. Nimekosa."

"Kumbe uliniita."

"Nilizunguka tu."

Hermelinda, aliyekuwa bado ameshika sufuria ya maji, alitikisa kichwa. "Na mimi wiki nzima nauliza chai inakwisha vipi birikani. Nikadhani ni huyu baba." Hakuna aliyecheka, ila Yudit aligeuza uso upande.

Mama Basilia alichukua kamba zake kutoka kwa Yudit. Nayda alizitazama. Mama mzee akazikunja moja moja, akazirudisha begani mwa mjukuu wake.

"Majike yanabaki mpaka mvua iishe," alisema. "Lakini waliokufa ni wa upande wenu, si wangu. Tukigawana, watahesabiwa kwenye fungu lenu. Na ukuta huo ushuke leo."

"Leo na mvua hii?" Nicanor akauliza.

"Ndama watalala leo au watalala mvua ikiisha?"

Ukuta ulishushwa siku ile. Nicanor alipiga nyundo kimya, na kila tofali lililoanguka lilionekana kumuuma. Nayda alibeba vigae, viwili viwili, mpaka viganja vikachubuka. Yudit alibaki kuwasaidia bila kuombwa, akichimbia vigingi kwenye mwinuko ulio mkavu.

"Ulijua," Nayda alimwambia. "Tangu kisimani ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Mimi si ulimi wako," Yudit akajibu. "Lakini ungenyamaza mpaka kamba ya tatu, ningekupiga. Shika huo wavu vizuri, mtoto wa vigae."

Puyu alilala siku mbili kati ya kufa na kupona. Siku ya tatu alisimama, akanyonya, akamkanyaga Nayda mguuni. Majike manne yaliyobaki yalizaa salama kwenye zizi la wavu. Kila baada ya siku chache Nicanor na binti yake waling'oa vigingi na kuhamia pakavu. Siku nyingine waligombana njia nzima kuhusu nani amepinda wavu, lakini walihama.

Na kila asubuhi, bila kukosa, Mama Basilia alikata bonde akaja. Hakuuliza habari za ndama. Hakuutazama hata uzi.

"Lete mkono," alisema.

Nayda alinyoosha mkono. Mama mzee aliugeuza, akaangalia vidole kimoja kimoja, akaona rangi ya kahawia, akaondoka bila kuaga. Siku za kwanza Nayda alitamani ardhi impasukie. Baadaye alikasirika. Baadaye akazoea, akawa anakuja na mkono nje ya shali kabla hajaitwa.

Siku ya kugawana ilipofika, ndama walikuwa saba. Mama Basilia alichukua watano, akina Ccallo wakapata wawili. Nicanor hakubisha hata kidogo. Mmoja kati ya wale wawili alikuwa Puyu, na ni Mama Basilia mwenyewe aliyemsukuma upande wao kwa fimbo, akijifanya anatazama mawingu. Kisha akasema majike yatabaki mwaka mwingine.

Asubuhi ya mwisho kabla shule haijafunguliwa, Mama Basilia alikata bonde kama kawaida. Alimkuta Nayda akimfunga Puyu uzi mpya. Alisimama, akamsalimu, akauliza kama maji ya kisima yamepungua, akageuka kwenda zake.

Nayda alibaki ameduwaa. Kisha akamkimbilia, mkono umenyooshwa, vidole vya kahawia wazi.

"Sikukuuliza," Mama Basilia alisema.

"Najua."

"Basi unanionyesha nini?"

Mama mzee aliushika ule mkono, safari hii bila kuutazama.

"Sikiliza, mwanangu. Kila mtu hukasirika, na kila mtu hukosa. Kosa likisemwa siku ileile, huishia hapohapo na matusi kidogo. Likifichwa linazaa, na ukifika siku ya kulisema unakuta limeshakula visivyo vyako. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema wakati kunyamaza kungekufaa zaidi. Hilo nimeliweka moyoni tangu siku ile. Wiki zote hizi nilikuwa nangoja na wewe uliweke."

Akamwachia mkono, akaurudisha mwenyewe ndani ya shali.

"Usiutoe tena, utapata baridi. Haya, nenda ukahamishe zizi."